Maandiko Matakatifu katika Kahama na Ukanda wa Dhahabu

Kusoma Maandiko ili kumkaribia Mungu ni desturi iliyoingia nchi ya Wasukuma, Wasumbwa na Wanyamwezi, ambamo Kahama imo, katika miongo miwili ya mwisho ya karne ya 19. Lakini si kazi yote ya mwanzo iliyowalenga wenyeji. Mmisionari Alexander Mackay wa Church Missionary Society, aliyelazimishwa kuondoka Buganda mwaka 1887, alihamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria. Huko aliendelea kutafsiri na kuchapa Maandiko kwa Kiganda hadi alipofariki Februari 1890. Kwa hiyo kurasa zilizotoka kwenye mtambo wake zilivuka ziwa kwenda kaskazini, na majirani zake wakabaki bila kitabu kwa lugha yao.

Pengo hilo lilizibwa kutoka Nasa, kituo cha misheni upande wa mashariki wa ziwa. Mwaka 1909 kituo hicho kilipokelewa na Africa Inland Mission, ambayo mwaka 1913 ilifungua kituo kingine Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga. Agano Jipya la Kisukuma lilichapwa mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1960. Katika misheni za Kiprotestanti kujifunza dini na kujifunza herufi vilikwenda pamoja: darasa la ubatizo lilikuwa pia darasa la kusoma, na msomaji mmoja aliyerudi kijijini aliwasomea wengi. Mkulima wa pamba asiyejua herufi hata moja aliweza kushika kichwani sura nzima ya Injili kwa kuisikia tu, na hakuna sababu ya kumhesabu kuwa alilijua Neno kidogo kuliko aliyelisoma.

Upande wa magharibi, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891. Kwa utaratibu uliowekwa na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, anayetaka ubatizo alifundishwa kwa miaka minne. Alikariri katekisimu kwa maswali na majibu, akasimuliwa habari za Adamu, Ibrahimu, Musa na Yesu. Biblia yenyewe haikuwekwa mikononi mwa waamini, na masomo ya Misa yalisomwa kwa Kilatini. Mtu wa kutegemewa alikuwa katekista, aliyekaa kijijini na kuongoza sala padri asipokuwepo. Historia nyingi za misheni zimejaa majina ya maaskofu na mapadri. Makatekista wametajwa kwa uchache mno, ilhali wao ndio waliobeba kazi ya kila siku.

Mabadiliko makubwa yalikuja kutoka pande tatu karibu wakati mmoja. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, iliwapa Waprotestanti wa bara na pwani maneno ya aina moja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, uliwahimiza Wakatoliki wote kusoma Maandiko. Kisha, kuanzia mwaka 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo. Mradi huo ulifundisha kilimo bora na afya, si dini. Lakini mtu mzima aliyejua kusoma maelekezo ya kupanda pamba aliweza sasa kuifungua pia Zaburi.

Kwa Wakatoliki matunda yalionekana zaidi katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1973 na tena mwaka 1976. Familia za jirani hukutana kila juma, nyumba kwa nyumba. Injili ya Jumapili inayokuja husomwa taratibu, mara nyingi zaidi ya mara moja. Hufuata kimya, kisha kila mtu hutaja neno lililomgusa na kusema linamdai nini. Bibi na kijana wa sekondari huzungumza kwa haki sawa, jambo ambalo kanisani si rahisi kutokea. Baada ya maombi hupangwa kazi: nani atamtembelea mgonjwa, msiba uchangiwe vipi, majirani waliokosana wapatanishwe na nani. Tafakari isiyofika hapo huonekana haijakamilika.

Waadventista wana lesoni ya Shule ya Sabato, inayogawanywa kwa siku na kujadiliwa kila Jumamosi. Kwaya za Africa Inland Church (AIC), kama zile za Shinyanga na Makongoro jijini Mwanza, zimezigeuza habari za Biblia kuwa nyimbo zinazosikika hata kwa wasiofika kanisani.

Dhahabu nayo iliacha alama yake. Migodi mikubwa ya Geita (2000), Bulyanhulu (2001) na Buzwagi (2009), pamoja na machimbo ya wachimbaji wadogo, ilivuta watu wa makabila mengi. Kahama ilikua hadi kuwa manispaa mwaka 2021, na kata kama Nyasubi zikapata wakazi ambao hawana lugha moja ya nyumbani. Kisukuma kimebaki na nafasi yake vijijini na katika nyimbo, lakini mjini Biblia inayosomwa katika vikundi ni ya Kiswahili.