Uchukuzi wa Suguti: Kutoka Ngata hadi Mfuko wa Upepo

Tarehe za nchi zetu zimejaa habari za watawala na vita, walakini habari za mzigo, yaani jinsi watu walivyouinua, walivyousawazisha na walivyoufikisha sokoni, hazikupata waandishi wengi, ijapokuwa katika mwambao wa Suguti, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, hakuna kizazi kilichoishi bila kuifikiri mas'ala hii. Ni nia yangu kuzifuata habari hizo kwa utaratibu, kwa kuwa chombo kipya kinachofungwa leo nyuma ya pikapu, mfuko wa mpira unaojazwa upepo ili gari livute tela bila kuinama, hakifahamiki vema ila kwa mtu aliyekwisha kuvijua vyombo vilivyokitangulia.

Zamani vyombo vilikuwa viwili, mtumbwi na kichwa. Wajita, Wakwaya na Waruri walivuka maji kwa mitumbwi, na wafanyabiashara wa Ukerewe walileta majembe ya chuma mwambaoni na kurudi na mifugo. Bali kutoka ufukoni kwenda bara mzigo ulikaa juu ya ngata. Mwezi wa Machi 1875, mvumbuzi Stanley alipoupita mwambao wa Majita katika safari yake ya kulizunguka ziwa, alikuwa ndani ya mashua, Lady Alice, ambayo ilikuwa imechukuliwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo. Mzigo wa mpagazi wa misafara ile ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na kadiri hiyo ilijulikana na mwenye mali na mchukuzi pia. Aliyetaka kupeleka zaidi alitafuta mtu wa pili, wala hakudhani kwamba ngata nene ingeiongezea shingo nguvu.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zikaanza kuzunguka bandari za ziwa, Musoma ikapata njia ya kupeleka bidhaa pwani, na katika enzi ya Waingereza pamba ikawa mali ya kutegemewa katika Jimbo la Ziwa, hata mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Shehena ya meli, hata hivyo, sharti kwanza itoke shambani, na kazi hiyo iliangukia ng'ombe na mkokoteni. Mkokoteni wa magurudumu mawili ulikuwa madrasa kamili kwa wenye kuutumia: magunia yakirundikwa mbele, nira huzikandamiza shingo za maksai, nao huchoka mapema, yakirundikwa nyuma, mti wa kukokotea huinuka, kamba za nira zikawakaba makoo, na mnyama akakataa kwenda. Kwa hiyo mpakiaji husukuma gunia la mwisho mbele kidogo, kisha hurudi kuutikisa mti kwa mkono, mpaka ahisi kwamba uzito mdogo tu umebaki juu ya nira, wa kutosha kuutuliza mkokoteni, usiotosha kuwaumiza wanyama.

Halafu zikaja gari za moto, na nyuma ya kila lori kulikuwa na springi za mapati, chuma juu ya chuma, sanaa ambayo Obadiah Elliott aliipatia hataza Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya magari ya farasi. Pikapu zilizopendwa baadaye katika barabara za vumbi, kama Toyota Hilux iliyotoka kiwandani mwaka 1968 na Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyotoka mwaka 1984, zilihifadhi springi hizo hizo nyuma. Mwenye gari alipoona mkia umelala kwa magunia ya dagaa, alimwendea fundi, naye fundi akazifungua nati za yuboti, akachopeka pati nene lililotolewa katika gari kuukuu, akafunga tena. Dawa hiyo ilifaa siku ya mzigo. Siku ya kurudi tupu gari lilirukaruka juu ya makorongo, kwa sababu chuma hakijui kulegea pindi shehena inaposhuka.

Kasoro hiyo ndiyo iliyoipa hewa nafasi yake. Dunlop alikwisha kuitia hewa ndani ya tairi mwaka 1888, na mwaka 1901 William Humphreys wa Marekani akapata hataza ya springi ya hewa. Mabasi makubwa ya huko yakaanza kuipokea katika miaka ya 1950, na kampuni ya Air Lift, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1949, ikaieneza kwa magari madogo. Katika pikapu mifuko miwili hukaa kati ya chesesi na ekseli ya nyuma, mmoja kila upande, ikisaidiana na mapati pasipo kuyaondoa. Dereva huijaza kwa pampu ile ile ya tairi kabla ya kufunga tela, na akiisha kuteremsha mzigo huipunguza, akibakiza upepo mdogo ili mpira usijikunje na kuchanika. Hivyo amepata springi iliyo ngumu akiwa na shehena na laini akiwa mtupu, jambo ambalo fundi wa mapati hakuliweza.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji aukumbuke mkokoteni. Tuseme tela lililobeba mashua lina kilo 1,000, na sehemu moja ya kumi, yaani kilo 100, imekaa juu ya ndoana ya gari, kama inavyostahili ili tela lisiyumbe. Ikiwa ndoana iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli mbili pana mita 3, basi ekseli ya nyuma haipokei kilo 100 bali 140, kwa maana kilo 40 zimeondolewa katika magurudumu ya mbele, yale yenye kuongoza na yenye kufanya kazi kubwa katika kufunga breki. Mfuko ukijazwa, mkia huinuka, taa huacha kuwamulika usoni wanaokuja, na gari huonekana limenyooka. Lakini kilo 40 hazirudi mbele, wala ekseli, tairi na breki hazikuongezewa nguvu hata chembe. Gari lililozidishiwa mzigo limepoteza tu dalili yake.

Sheria nayo haitamlinda mtu na nafsi yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 juu ya uzito wa magari, inayotumika Tanzania tangu 2019, imewekwa kwa magari ya tani 3.5 na kuendelea, kwa hiyo pikapu nyingi hupita pasipo kupimwa, na mizani inabaki katika akili ya mwenyewe. Mfuko wa upepo ni chombo chema, nami nausifu, maadamu unatumiwa kusawazisha mzigo ulio halali kwa gari. Basi ndugu yangu unayevuta tela kutoka Suguti kwenda Musoma, kisome kwanza kibao cha uzito alichokiweka mtengenezaji, upakie kwa kadiri hiyo, uhakikishe uzito wa ndoana, na upepo uutie mwisho, kabla ya kulifunga tela.