Wanjau Ndani ya Koti la Ojwang'

Kenya nzima ilimjua Mzee Ojwang'. Benson Wanjau, mchekeshaji wa runinga aliyemwigiza, walimjua wachache. Alipofariki Nairobi Julai 2015, akiwa na miaka 78, vichwa vya habari vilimtaja kwa jina la kuigiza. La kuzaliwa likafuata huko chini, kama maelezo ya ziada. Wapo waliogutuka siku hiyo kusikia kwamba marehemu alikuwa Mkikuyu.

Si ajabu. Nchini Kenya jina la mtu hutangulia kumtambulisha kabla hajafungua kinywa, na Ojwang' ni jina la Kijaluo lisilo na utata. Wanjau hakuishia kulivaa jina tu. Kiswahili cha Mjaluo kina muziki wake: "sh" hugeuka "s", shamba likawa samba, na sentensi hupanda mahali ambapo mtu wa pwani angeishusha. Kiswahili cha Mkikuyu huteleza kwingine kabisa, kwenye "l" na "r". Kwa hiyo kila kamera ilipowashwa mzee huyu alikuwa na kazi mbili: kuficha lafudhi ya kwao na kuishika ya wenzake, huku akichekesha. Waigaji wa lafudhi ni wengi, na wengi wao hukwama kwenye kejeli. Ojwang' alikuwa mtu mzima mwenye ujanja wake, majivuno yake na woga wake, ndiyo maana Wajaluo wenyewe walimkubali. Katika nchi ambayo kila uchaguzi ulizipima upya hisia kati ya jamii hizo mbili, hilo halikuwa jambo dogo.

Mkewe wa kwenye runinga, Mama Kayai, naye hakuwa Mjaluo. Mwigizaji wake, Mary Khavere, ni Mluhya. Ndoa hiyo ya kuigiza ilidumu miaka mingi kiasi kwamba watazamaji wengi waliamini wawili hao ni mke na mume kwelikweli, ilhali kila mmoja alikuwa na familia yake nyumbani.

Siri ya kudumu huko ilikuwa pia katika mitambo. Wanjau aling'ara miaka ya 1980, kwanza katika kipindi cha Darubini, kisha Vitimbi na Vioja Mahakamani, wakati runinga ya Kenya ilikuwa moja tu: Sauti ya Kenya, iliyogeuka KBC mwaka 1989. KTN, stesheni ya kwanza ya binafsi, ilifunguliwa 1990. Kabla ya hapo mtazamaji hakuwa na pa kuhamia. Mhusika aliyependwa aliingia sebuleni wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, na watoto waliomcheka wakaja kumcheka tena pamoja na watoto wao. Leo mwigizaji hupata msimu mmoja au miwili, kisha watu wamesahau.

Lakini umaarufu wa namna hiyo haukuwa na mlango wa benki. Mhusika alikuwa wa kipindi, kipindi kilikuwa cha shirika la umma, na mwigizaji alibaki na posho na salamu za barabarani. Mwaka 2012 ilipojulikana kwamba macho ya mzee yanafifia na matibabu yanamshinda, Wakenya walichanga fedha akafanyiwa upasuaji. Tuliusifu sana ukarimu huo. Mimi naona ulikuwa pia hati ya deni: taifa lilikuwa likimlipa mtu malimbikizo yake kwa njia ya harambee.

Waliofuata walijaribu kuuza sura zao mapema. Charles Bukeko, bawabu Papa Shirandula wa runinga ya Citizen tangu 2007, alitoka na uso huohuo hadi kwenye tangazo la Coca-Cola lililoonyeshwa nchi nyingi za Afrika. Alipofariki Julai 2020, naye alililiwa kwa jina la bawabu. Na kule Tanzania, Amri Athumani wa Tanga, ambaye kila mtu alimwita King Majuto, alijaa kwenye matangazo ya biashara hadi uzeeni. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, ilibidi serikali iunde kamati ya kupitia mikataba yake ya matangazo. Alifariki katika hospitali ya Muhimbili Agosti 8 mwaka huohuo, na mjadala wa nani alimlipa nini ukaendelea bila yeye.