Chama kinapopeleka watu wake kwenye uchaguzi wa nchi nyengine: ni msaada au ni kuingilia?



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto, ndugu au mkwe anayeishi Uingereza au Marekani. Kila uchaguzi wa huko unapokaribia, wazee huuliza: je, yafaa kijana wetu ajitolee kwenye kampeni? Achangie chama? Apige kura? Suali hili limo ndani ya suali kubwa zaidi ambalo vyama vya nchi hizo vimebishana juu yake: msaada wa kirafiki unaishia wapi, na kuingilia uchaguzi wa watu wengine kunaanzia wapi? Tutalieleza kwa mfano wa chama cha Labour cha Uingereza, kwa sababu chama hiki kimekaa pande zote mbili: kimelaumiwa, na kimelalamika.

Yaliyotokea mwaka 2024

Labour ilishinda uchaguzi wa Uingereza tarehe 4 Julai 2024, na kiongozi wake, Keir Starmer, akawa Waziri Mkuu. Mwezi wa Oktoba, afisa mmoja wa chama aliandika kwenye mtandao wa LinkedIn kwamba karibu watu 100, wafanyakazi wa chama wa sasa na wa zamani, wangekwenda Marekani kumsaidia Kamala Harris wa chama cha Democratic katika majimbo yenye ushindani mkali. Alitaja kuwa zimebaki nafasi 10 za kwenda North Carolina, na kwamba malazi yatashughulikiwa. Tangazo hilo baadae liliondolewa.

Kampeni ya Donald Trump ilipeleka malalamiko kwenye Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho la Marekani, ikidai kuwa huo ni mchango haramu kutoka kwa wageni.

Starmer alijibu akiwa safarini kwenda Samoa kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Alisema watu hao wanajitolea kwa wakati wao wenyewe, wanalala kwa wenzao wanaojitolea, na kwamba jambo hilo limefanyika katika chaguzi zilizopita pia. Kwa ufupi, msimamo wa Labour ni huu: mwanachama yuko huru kusafiri na kusaidia, lakini chama hakimtumi wala hakimlipi.

Sheria ya Marekani inasemaje

Sheria ya Marekani inamkataza mgeni kutoa pesa au kitu chochote chenye thamani katika uchaguzi wa nchi hiyo, uwe wa taifa, wa jimbo au wa mji. Inamkataza pia kushiriki katika maamuzi ya kampeni kuhusu matumizi na michango. Lakini inamruhusu kujitolea bila ya malipo: kubisha hodi majumbani, kupiga simu, kugawa vipeperushi.

Kwa hivyo kinachotazamwa ni nani amelipa nauli, chakula na malazi. Akilipa mwenyewe, amejitolea. Akilipiwa na chama cha nchi yake, basi chama hicho kimetoa mchango kwa kampeni ya nchi nyengine.

Hili lilishatokea. Mwaka 2016 chama cha Labor cha Australia kilipeleka vijana kusaidia kampeni ya Bernie Sanders. Chama kiliwalipia tiketi za ndege na posho ya kila siku, jumla ikapindukia dola 24,000. Mwaka 2018 chama hicho na kampeni ya Sanders walikubali kulipa faini ya dola 14,500 kila upande. Kazi waliyoifanya vijana wale isingekuwa na tatizo lau wangejilipia wenyewe. Kilichoiharibu ni posho.

Mizani ikageuzwa

Miezi michache baada ya malalamiko ya Trump, Labour ilijikuta upande wa pili. Tajiri Elon Musk, raia wa Marekani, alikuwa akiishambulia serikali ya Starmer kwenye mtandao wake wa X, na zilienea khabari kuwa huenda akakichangia chama cha Reform UK. Januari 2025 Starmer aliwalaumu hadharani wanaosambaza uongo, bila ya kumtaja Musk kwa jina. Mwezi huo huo Musk alihutubia kwa video mkutano wa kampeni wa chama cha AfD mjini Halle, Ujerumani. Chama hicho kilipata asilimia 20.8 ya kura mwezi wa Februari.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2000 inasema mchango unaozidi pauni 500 lazima utoke kwa mtu aliyemo katika daftari la wapiga kura, au taasisi zinazokubalika, kama kampuni iliyosajiliwa na kufanya biashara Uingereza. Mlango ulikuwa hapo kwenye kampuni: tajiri wa nje asiyeweza kuchangia kwa jina lake angeweza kupitia kampuni yake ya Uingereza. Julai 2025 serikali ya Labour ilitangaza mpango wa kukaza masharti hayo.

Yapo wanaosema Labour inalia na jambo ililolifanya wenyewe. Hatuoni kuwa mambo haya ni sawa. Kijana anayebisha hodi Pennsylvania si sawa na tajiri mwenye mtandao unaosomwa na mamilioni ya watu. Lakini kipimo lazima kiwe kimoja kwa wote: nani analipa, nani anaamrisha, na je, jambo lenyewe liko wazi? Na hapa Labour ilijidhoofisha yenyewe. Tangazo likitoka kwa afisa wa chama, likitaja nafasi zilizobaki na malazi, mtu wa nje atajuaje kuwa chama hakimo? Chama kinachotawala kina wajibu zaidi wa kujitenga na shaka, kwa kuwa kesho kitakaa meza moja na yule kilichotaka ashindwe.

Kwa jamaa zetu walioko huko

Uingereza: Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola. Kwa hivyo Mtanzania anayeishi Uingereza kihalali na aliyetimiza umri anaweza kujiandikisha na kupiga kura, hata ya Bunge, bila ya kuwa raia. Akishaingia kwenye daftari, anaweza pia kuchangia chama.

Marekani: mambo ni kinyume kabisa. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi kuchangia hata dola moja. Anaweza kujitolea tu, na asipokee posho. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kuchangia, lakini hana haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa.

Khatari kubwa ipo kwenye fomu. Katika majimbo mengi, anayekwenda kuchukua leseni ya gari huulizwa pale pale kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia akijaza kuwa ni raia, hata kwa haraka au kwa kutoelewa lugha, anaweza kufunguliwa mashtaka, kunyimwa uraia baadae, au kurejeshwa kwao. Waambieni watoto waisome fomu yote kabla ya kutia saini, na wenye shaka wamuulize mwanasheria.

Kwetu sisi Waislamu, hili si suala la woga wa serikali tu. Aliyeingia nchi ya watu kwa viza ameingia kwa ahadi, na aya ya kwanza ya Suratul-Maida inatuamrisha kutimiza ahadi. Kusema wewe ni raia hali si raia ni ushahidi wa uongo, hata kama nia ni kumsaidia mgombea unayemuona ni bora. Na aliyepewa haki ya kura kihalali, kama ndugu zetu wa Uingereza, naye ana amana mkononi. Aitumie kwa uadilifu.

Wallahu aalam.