Reli Iliyopita Kando ya Pamba

Mtu akifungua ramani ya reli za Tanzania na kuitazama sehemu ya kaskazini, ataona mstari mmoja ukitoka Tabora kwenda Mwanza. Mstari huo hupanda kupitia Isaka, Shinyanga, Seke na Malampaka mpaka Malya; halafu hupinda kuelekea magharibi, ukapita Bukwimba, Mantare na Fela, hata ukafika ziwani. Mashariki ya mahali hapo unapopinda ndiko iliko nchi pana ya tambarare ambayo tangu 2012 huitwa Mkoa wa Simiyu, na makao yake makuu ni Bariadi. Mkoa huo ndio unaoongoza kwa pamba katika Tanzania. Walakini katika mkoa mzima reli hugusa pembe moja tu, nayo ni ile ya Malampaka katika Wilaya ya Maswa. Sehemu zilizokuwa tawala za Ntuzu, Itilima na Kanadi, ambako pamba ililimwa kwa wingi kuliko pengi pengine, hazikupata kusikia mlio wa gari la moshi.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kuambiwa kwamba reli ya Mwanza ilijengwa kwa ajili ya pamba ya Wasukuma. Maneno hayo si uongo, ila yamekatwa katikati. Makala haya yanajaribu kuyarudishia nusu yake iliyobaki.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Kutoka Tabora, Wajerumani walikuwa wamekwisha anza kazi ya tawi la kuelekea Rwanda, lakini vita vikuu vya 1914 vikaikatiza kazi hiyo. Waingereza waliposhika nchi waliikuta Reli ya Kati ikiwa na madaraja yaliyolipuliwa na majeshi ya Wajerumani yaliporudi nyuma mwaka 1916, na mizigo yake ikiwa michache mno kwa gharama ya kuiendesha.

Nchi ya ziwa, kwa upande wake, haikuwa ikiingoja Dar es Salaam. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu tangu mwisho wa 1901, na meli zikazunguka ziwa zima zikikusanya mizigo. Pamba ya Mwanza, ngozi zake na mpunga wake vilipakiwa melini, vikapelekwa Kisumu, na kutoka hapo vikateremshwa kwa reli hadi Mombasa. Hivyo mazao ya Tanganyika yalilipa nauli kwa reli ya Kenya na Uganda, na ushuru wa gati kwa bandari ya Kenya. Wakuu wa Dar es Salaam waliliona jambo hili kuwa hasara, na wale wa Nairobi waliliona kuwa haki yao. Kila upande ulikuwa na hesabu zake, na hesabu zote mbili zilikuwa za mabehewa na bandari.

Tume ya Ormsby-Gore ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, na katika taarifa yake ya 1925 ikapendekeza mkopo mkubwa wa kujengea njia za uchukuzi. Mwaka 1926 Bunge la Uingereza likaidhinisha dhamana ya mkopo wa pauni milioni 10 kwa ajili hiyo. Wakati huo gavana wa Tanganyika alikuwa Sir Donald Cameron. Kazi ya kutoka Tabora kwenda kaskazini ilikuwa imekwisha anza, na mwaka 1928 gari la moshi likafika Mwanza. Urefu wa tawi hilo ni kama kilomita 380, na upana wa reli zake ni mita moja, kama ulivyo wa Reli ya Kati.

Hapa ndipo penye nusu ya maneno iliyokatwa. Reli hiyo ilijengwa kuyageuza mazao yaliyokuwa yakienda Mombasa yaende Dar es Salaam. Shindano lilikuwa la bandari mbili, na ushindi ulikuwa kufika ziwani, kwa sababu ziwani ndiko mizigo ilikokuwa imekusanyika tayari. Mjenzi mwenye shabaha hiyo hana sababu ya kupinda njia yake kwenda mashariki kumfuata mkulima wa Ntuzu. Malya palikuwa karibu vya kutosha, na baada ya Malya njia iliufuata upande wa ziwa.

Ni haki kukiri kwamba mjenzi alikuwa na udhuru. Katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya nchi ya Maswa ilikuwa bado pori lenye mbung'o, hasa upande wa mashariki na kusini. Pamba ilikuwa imeingizwa Usukumani na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ilikuwa haijaenea kama ilivyoenea baadaye. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichotoa mbegu zilizobadili kilimo hicho, kilianzishwa baada ya reli kufika. Watu walihamia mashariki wakifyeka pori na kufukuza mbung'o, na mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, ambao makao yake yalikuwa hapo Malya penye stesheni, uliwaongezea nguvu. Pamba ikawafuata. Kwa hiyo reli ilikaa palepale, na pamba ndiyo iliyohama, ikazidi kuiacha reli nyuma yake kila mwaka. Kosa la kutojenga tawi mwaka 1928 ni dogo. Kosa la kutolijenga baada ya vita vya pili, pamba ilipokuwa imekwisha jaa Maswa, ni kubwa zaidi, na sijaona udhuru wake ulio mzuri. Fedha hazikukosekana kabisa. Miaka ileile serikali ya Uingereza ilijenga reli ya kusini kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga. Karanga hazikustawi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo iling'olewa.

Labda msomaji atauliza: umbali wa kutoka shambani hadi stesheni una uzito gani, maadamu reli yenyewe husafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi baharini? Ili kujibu hapana budi tuujue mzigo wenyewe. Pamba itokayo shambani ni nyuzi na mbegu pamoja. Katika kilo tatu zake, nyuzi ni kama kilo moja. Zilizobaki ni mbegu na takataka. Tena pamba isiyochambuliwa ni nyepesi na imefura, hujaza gari kabla ya kulitimizia uzito. Baada ya kupita katika jineri, nyuzi hushindiliwa zikawa robota moja la ratili 400, yaani kilo 181 hivi. Behewa likibeba tani 20 litakuwa na marobota 110. Mzigo wa namna hii ndio reli inaoupenda: mzito, wa sura moja, usiooza, unaotoka mahali pamoja kwenda mahali pamoja. Kwa hiyo gharama kubwa ya uchukuzi, tukiigawa kwa kilomita, huwa katika sehemu ya kwanza ya safari, pale pamba inapotolewa gulioni ikiwa bado imefura na kupelekwa kwenye jineri, na marobota yanapotolewa jinerini kwenda stesheni.

Sehemu hiyo ya kwanza hupita katika nchi ambayo udongo wake una tabia zake. Wasukuma wana elimu kubwa ya udongo: huita luseni ule wa mchanga ulio juu ya miinuko, na mbuga ule mweusi wa mabondeni. Mbuga wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa. Mvua ikinyesha, hushika gurudumu kama gundi. Pamba hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, nayo huvunwa na kuuzwa tangu Mei mpaka Agosti, yaani wakati wa kiangazi. Nadhani hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya serikali isione haraka ya kujenga tawi la reli: lori na mkokoteni wa ng'ombe viliweza kupita wakati pamba ilipohitaji kupita. Shida ilikuwa pale kazi ilipochelewa. Miezi kati ya soko kufunguliwa na mvua kurudi si mingi, na kila wiki iliyopotea kwa kungoja lori au behewa ilikuwa wiki iliyosogeza pamba karibu na matope.

Bei aliyopewa mkulima haikuwa na asili yake Bariadi. Ilitokana na bei ya dunia, ikatolewa gharama ya meli, ya bandari, ya reli, ya kuchambua, ya lori, na faida ya kila aliyeshika mzigo njiani. Kilichosalia ndicho kilichokuwa chake. Kila mmoja katika mnyororo huo aliweza kujilipa kwanza, isipokuwa yeye aliyekuwa mwisho. Ndiyo maana ugomvi wa mizani uliotokea Jimbo la Ziwa kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 ulikuwa mkali kiasi kile. Wakulima waliweka watu wao wa kupima pamba upya kabla haijafika kwa mnunuzi, wakapata ushahidi wa ratili zilizokuwa zikiibwa. Kutokana na harakati hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, vikatokea vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufika mwisho wa miaka ya 1950 shirikisho hilo lilikuwa likishika pamba yote ya jimbo, na sifa zake zilisikika Afrika nzima.

Ushirika ulirudisha ratili zilizoibwa mizanini. Kilomita haukuweza kuzirudisha. Jambo hili husahauliwa na wanaosimulia habari za ushirika, nami sisemi hivyo kwa kuupunguzia heshima. Chama cha msingi cha Itilima kilicholipwa kwa haki kila ratili bado kililazimika kulipia lori mpaka penye reli, na gharama hiyo jirani yao wa Malampaka hakuijua. Katika miaka ya 1970, serikali ilipopanga bei moja kwa mazao, tofauti ya umbali ilifichwa ndani ya vitabu vya mamlaka za mazao. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, pamoja na shirika la reli lililokuwa la nchi tatu. Tanzania ikaanzisha shirika lake yenyewe, likiwa na upungufu wa injini na mabehewa. Katika miaka ya 1980 ilikuwa kawaida kuona pamba ya msimu mmoja ingali vijijini huku ya msimu mwingine ikipandwa. Ushirika ulirudi kwa sheria ya 1982, ila ulirudi ukiwa na madeni na bila magari ya kutosha.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, umbali ulitoka vitabuni ukaonekana tena waziwazi. Wanunuzi walijenga majineri karibu na mashamba, na Bariadi ikapata yake. Hilo lilipunguza safari ya pamba iliyofura, na kwa hakika lilikuwa jambo jema. Lakini marobota yaliyotoka katika majineri hayo hayakwenda Malampaka. Yalipakiwa malorini moja kwa moja hadi Dar es Salaam, kwa maana robota likiisha panda lori, hapana sababu ya kulishusha baada ya kilomita chache na kulingojea behewa lisilojulikana litakuja lini. Kuikodisha reli kwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007 hakukubadili mambo; mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata Reli ya Kati upande wa Kilosa, na mwaka 2011 mkataba huo ukawa umekwisha. Wakati huohuo barabara ikaongezewa nguvu: lami ya kutoka Lamadi kupita Bariadi na Maswa mpaka Mwigumbi, karibu kilomita 172, ilijengwa kwa vipande mpaka ikaunganika. Kwa mara ya kwanza mbuga haikuweza kumzuia dereva wa Bariadi.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja reli mpya ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, ulitiwa saini Januari 2021, na Juni mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akaweka jiwe la msingi. Njia yake haiko mbali na ile ya 1928. Inagusa Simiyu katika pembe ileile, na stesheni ya mkoa ni Malampaka tena. Shabaha nayo inafanana na ile ya zamani: kufika ziwani, ili shehena ya Uganda na nchi nyingine za jirani ipitie Dar es Salaam.

Kwa Simiyu, basi, swali halihusu tena njia kuu, ambayo imekwisha pangwa. Linahusu mambo madogo ambayo magazeti hayayaandiki: uwanja wa mizigo wa Malampaka utakuwa na ukubwa gani, kama utakuwa na ghala la marobota na winchi ya kuyapandisha, kama mwenye marobota mia atapewa behewa au ataambiwa angoje mpaka atimize treni nzima, na kama barabara ya kutoka Maswa mjini kwenda stesheni itapitika Novemba. Kutoka Bariadi hadi Maswa ni kilomita 50 hivi za lami, na baada ya hapo bado kuna safari ya kwenda magharibi. Mwenye jineri atapiga hesabu ya safari hiyo, ya kushusha na kupandisha, na ya siku za kungoja; kisha ataipima na nauli ya lori linalopakia mlangoni pake asubuhi na kuondoka jioni. Hesabu hiyo ikiiangukia reli, nauli ya marobota itapungua, na vyama vya msingi vya Itilima na Kanadi vitakuwa na neno la kusema siku ya kujadili bei dira. Ikiliangukia lori, Malampaka itakuwa stesheni ya abiria.