Maalumu au Dharura? Kivumishi "Extraordinary" katika Lugha ya Mikutano ya Arusha

Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini jijini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Ibara ya 12 inawataka Wakuu wa Nchi wakutane angalau mara moja kwa mwaka, na inaruhusu mikutano mingine, iitwayo kwa Kiingereza "extraordinary", kwa ombi la mjumbe yeyote. Kwa kuwa Ibara ya 137 iliifanya lugha ya Kiingereza kuwa rasmi, kivumishi hicho kimemfikia msomaji wa Kiswahili kwa njia ya tafsiri.

Asili yake katika Kilatini ni "nje ya utaratibu". Kisheria, basi, mkutano huo uko nje ya ratiba tu. Maana ya kustaajabisha ilizuka baadaye, nayo Kiswahili huieleza kwa maneno kama ajabu, shani na kioja. "Mkutano wa ajabu" ungekuwa kejeli.

Tafsiri tatu hushindania nafasi hiyo. "Usio wa kawaida" hufuata umbo la asili, kwani kawaida katika Kiarabu ni kanuni. Hata hivyo, katika Kiswahili hudokeza kasoro. "Wa dharura" hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ulazima, nalo huleta dhana ya haraka na hatari ambazo Ibara ya 12 haizitaji. "Maalumu" kwa asili ni "kinachojulikana", ndugu wa elimu na mwalimu. Katika Kiswahili limehamia kwenye kilichotengwa kwa jambo mahususi.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisiasa. Anayesoma "dharura" hudhani pana mgogoro, na kiongozi aliyeomba mkutano huonekana anadaiwa uthibitisho wa hatari, ilhali Mkataba unamtaka aombe tu. Kwa hiyo "maalumu", ingawa limeachana na asili yake, ndilo linalolinda haki iliyomo katika ibara.

Arusha hiyohiyo iliwahi kushuhudia mwelekeo wa kinyume. Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari, lilikuwa na matini ya msingi ya Kiswahili. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ilibidi irekebishwe ili kuondoa utata. Utata huukumba upande unaotafsiriwa, na kwa Mkataba wa 1999 upande huo ni wa Kiswahili.