Sikukuu ya Newton

Sikukuu ya Newton, ambayo waisherehekeao huiita Newtonmas, ni adhimisho la kidunia lifanywalo tarehe 25 Desemba, katika kipupwe cha nchi za kaskazini, kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Isaac Newton, bingwa wa hisabati na elimu ya maumbile wa Uingereza. Hakuna dola iliyoitangaza wala ibada iliyowekewa. Ni furaha ya wapenda elimu, ambao siku hiyo hupelekeana kadi, matufaha, vitabu, na vyombo vidogo vya uchunguzi, mathalan vile vioo vya pembe tatu vipasuavyo nuru nyeupe ikatoa rangi za upinde wa mvua, kama Newton mwenyewe alivyoipasua.

Alizaliwa Woolsthorpe, katika jimbo la Lincolnshire, mwaka 1642, miezi mitatu hivi baada ya kufariki baba yake, naye akiwa njiti mdogo hata uzeeni alisimulia kwamba aliambiwa angaliweza kutiwa ndani ya kopo la robo galoni. Kwa kuwa Waingereza wakati ule walikuwa bado wameikataa kalenda ya Papa Gregori, hesabu yao ilikuwa nyuma kwa siku 10, na siku iliyokuwa Krismasi kijijini kwao ilikuwa 4 Januari 1643 kule Roma. Hitilafu hiyo haibatilishi sherehe, maana mtoto huhesabiwa siku yake kwa kalenda ya waliompokea.

Wako waifanyao siku hii silaha ya kuwachoma Wakristo, na hao wamdhulumu Newton, kwani alikuwa mcha Mungu aliyeandika kurasa nyingi mno juu ya Maandiko, ijapokuwa itikadi yake kuhusu Utatu haikuafikiana na ya kanisa la nchi yake. Na katika chapa ya pili ya kitabu chake Principia, mwaka 1713, alisema wazi kwamba mpango wa jua na sayari umetoka katika shauri la Mwenye hekima na uwezo.

Mfano ulio bora kuliko yote wa sikukuu hii haukutoka Ulaya. Mwaka 1892 jarida la Nature la London lilieleza habari za jumuiya ya Newtonkai katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, ambamo walimu na wanafunzi wa hisabati, fizikia na falaki walikuwa wakikutana siku ya kuzaliwa kwa Newton, chini ya picha yake, wakala, wakazungumza, kisha wakapiga kura za zawadi. Kila kura ilikuwa na jina la mwanachuoni mashuhuri, na zawadi ilikuwa fumbo lake: aliyeangukiwa na Newton alipewa tufaha, aliyempata Franklin alipewa kishada, na wa Archimedes alipewa mwanasesere aliye uchi, kwa ajili ya kile kisa cha kutoka hamamuni akikimbia bila nguo. Aliyeyatoa majina ya Kant na Laplace alipulizwa moshi wa tumbaku usoni, kwa kuwa wawili hao walifundisha kwamba jua na sayari zilifanyika kutokana na wingu lililokuwa likizunguka. Mzaha wa namna hii ni takrima ya kweli, kwani hacheki ila aliyesoma.

Ama kisa cha tufaha, kina shahidi. Tarehe 15 Aprili 1726, baada ya chakula, Newton alikunywa chai na rafiki yake William Stukeley bustanini, katika kivuli cha mitufaha, akamsimulia kwamba fikira ya mvutano ilimjia alipoona tunda likianguka. Kwamba lilimpiga kichwani ni nyongeza ya wasimulizi. Mti wenyewe, wa aina iitwayo Flower of Kent, ambayo tunda lake ni la kupikia, uliangushwa na dhoruba katika karne ya 19, ukatia mizizi upya, nao ungali hai Woolsthorpe. Vipandikizi vyake vimeenea mbali. Kimoja kilipelekwa Japani mwaka 1964, kikaonekana kina ugonjwa wa virusi, kikatengwa miaka mingi hata kilipotakasika, ndipo kikapandwa katika bustani ya Koishikawa, iliyo mali ya Chuo Kikuu cha Tokyo.