Ulinganishaji wa polaraizesheni

Ulinganishaji wa polaraizesheni ni kazi ya kuzungusha kichwa cha antena ya setilaiti mpaka kilingane na mwelekeo ambao mawimbi ya redio ya setilaiti hutikisika. Kwa antena za kuhamishika, kama zile za magari ya matangazo ya televisheni, kazi hii hurudiwa kila zinapohamia mbali.

Setilaiti nyingi hutumia masafa yaleyale mara mbili: mawimbi mengine hutikisika kwa ulalo, mengine kwa wima. Kichwa kikikosewa kwa 45°, nusu ya nguvu hupotea. Kwa 90° hupotea karibu yote. Antena inayorusha mawimbi ikikosewa huvuruga pia mawasiliano ya wengine. Ndiyo sababu fundi huthibitisha kwanza na kituo kinachosimamia setilaiti kabla ya kurusha.

Pembe hutegemea latitudo ya mahali na tofauti ya longitudo kati yake na setilaiti. Kwa setilaiti iliyo juu ya ikweta kwenye longitudo 10° mashariki, pembe ni takriban 8° mjini London, lakini takriban 87° mjini Nairobi, karibu na ikweta.

Mawimbi yenye polaraizesheni ya mviringo hayahitaji kulinganishwa kwa pembe hiyo.